Nishati ya mimea: Mwekezaji akiondoka, ardhi humrudia nani?

TANGU Januari 2025, wauzaji wa mafuta ya ndege katika viwanja vya Umoja wa Ulaya wanalazimika kuchanganya angalau asilimia 2 ya mafuta endelevu, yakiwamo yatokanayo na mimea. Kiwango hicho kitapanda hadi asilimia 6 mwaka 2030 na asilimia 70 mwaka 2050.

Soko hilo jipya tayari limebisha hodi Afrika Mashariki. Kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, Kenya, mwaka 2022, na mafuta ya mbarika, ambayo Tanzania tunaiita nyonyo, yakaanza kusafirishwa kwenda Italia.

Ahadi zinazotolewa ni nzuri: ajira vijijini, fedha za kigeni na matumizi ya ardhi “isiyotumika”. Wenye kumbukumbu wataona kuwa maneno hayo si mageni.

Mwaka 2009 Ulaya ilijiwekea lengo la asilimia 10 ya nishati mbadala katika usafirishaji ifikapo 2020. Kabla hata wino haujakauka, wawekezaji walikuwa wamekwishafika Kisarawe, Kilwa na Bagamoyo.

Kisarawe ndiko kwenye funzo kubwa. Sun Biofuels ya Uingereza ilipata zaidi ya hekta 8,000 kwa miaka 99 ili kulima mibono. Wanakijiji waliahidiwa visima, barabara na zahanati, nyingi ya ahadi hizo zikiwa za mdomo tu.

Mibono ilisifiwa kuwa huota penye ukame. Ni kweli huota, lakini bila maji na mbolea haizai mbegu za kutosha kulipa gharama. Mwaka 2011 kilimo kilisimama, kampuni ikauzwa na mamia ya wafanyakazi wakarudi nyumbani mikono mitupu. Na ardhi je?

Hapo ndipo penye tatizo lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu mgeni kumilikishwa ardhi ya kijiji. Ni lazima kwanza Rais aihamishie kwenye kundi la ardhi ya jumla, ndipo mwekezaji apewe haki ya kuitumia. Mkutano mkuu wa kijiji una kauli ya mwisho pale tu eneo lisipozidi hekta 250. Likizidi, uamuzi ni wa waziri.

Ikishahamishwa, ardhi hiyo si ya kijiji tena. Mradi ukifa, hairudi yenyewe kwa waliokuwa wakichota maji, kukata kuni na kuchoma mkaa humo. Wao wamebaki na fidia, kama waliipata.

Hata fidia yenyewe ina maswali. Utafiti wa Emmanuel Sulle na Fred Nelson, uliochapishwa na taasisi ya IIED mwaka 2009, ulionyesha kuwa fedha zilizolipwa na Bioshape ya Uholanzi kule Kilwa ziligawanywa: asilimia 60 kwa halmashauri ya wilaya, asilimia 40 kwa vijiji vilivyotoa ardhi. Kampuni hiyo nayo ilifilisika.

Serikali haikulala kabisa. Mwaka 2009 ilisimamisha miradi mipya, na mwaka 2010 ikatoa mwongozo wa nishati ya mimea. Lakini mwongozo si sheria. Haumpi mwanakijiji pa kusimama mahakamani.

Kurekebisha mambo baadaye ni ghali. Serikali ilipofuta mwaka 2016 hati ya EcoEnergy, kampuni ya Sweden iliyokusudia kulima miwa Bagamoyo, ilishtakiwa katika baraza la kimataifa la usuluhishi na mwaka 2022 ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 160. Deni hilo lilifanya hata ndege ya ATCL izuiwe Uholanzi.

Kuna njia nyingine. Kampuni ya Diligent ya Arusha ilinunua mbegu za mibono kwa wakulima waliokuwa wameipanda kama uzio. Biashara hiyo haikudumu, lakini ilipofungwa hakuna mkulima aliyepoteza shamba kwa ajili yake. Makueni nako wakulima wanabaki kwenye mashamba yao, ingawa hasara ya msimu mbaya inawaangukia wenyewe.

Watakaosaini mikataba ya nyonyo wana kifungu kimoja cha kudai kabla ya bei na ajira: kwamba shughuli zikisimama kwa muda uliotajwa, ardhi irejee kijijini bila kijiji kwenda kuomba Dodoma.