Mwovu wa Hadithi Naye Ana Sababu Yake

Tukiwasimulia watoto hadithi jioni, hawatuulizi sana habari za mtu mwema. Wanatuuliza habari za mwovu: kwa nini alifanya vile? Alikuwa anataka nini? Nasi, kwa kuwa ugali uko jikoni na mdogo analia, tunajibu, "Alikuwa mbaya tu," kisha tunaendelea. Mwezi huu tulitazame jibu hilo. Linawahusu wanaosimulia nyumbani, na pia wale wanaotunga maigizo ya vikundi vyetu au wanaoandika hadithi.

Sisi wa Karatu hatuna haja ya kwenda mbali kumtafuta mwovu. Tunaye fisi. Katika hadithi zetu yeye ni mlafi, mwoga na mjinga, na sungura humdanganya kila mara. Usiku tukimsikia analia upande wa msitu wa Ngorongoro, tunakumbuka mbuzi wetu. Hata Wamarekani walipotengeneza sinema ya katuni ya The Lion King mwaka 1994, fisi ndio waliopewa kazi ya uovu, na mmoja wao akaitwa Shenzi, neno letu wenyewe.

Lakini fisi wa Ngorongoro si yule wa hadithi. Katika miaka ya 1960, mtaalamu wa wanyama kutoka Uholanzi, Hans Kruuk, aliwafuata fisi wa kreta usiku na mchana. Kwa kawaida wageni wakifika asubuhi humkuta simba amelalia mzoga na fisi wamekaa pembeni, nao husema fisi anangoja makombo. Kruuk aliona kwamba mara nyingi mambo ni kinyume: fisi ndio waliowinda usiku, simba akaja kuwanyang'anya. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwaka 1972. Tunajua pia kwamba katika jamii ya fisi hawa jike ni mkubwa kuliko dume, na majike ndio wenye amri. Mara nyingi jike huzaa watoto wawili, akawanyonyesha kwa mwaka mzima na zaidi. Mama aliyewahi kunyonyesha huku tumbo lake mwenyewe ni tupu hahitaji kuelezwa njaa hiyo.

Je, basi fisi hana kosa? Muulize aliyeamka akakuta zizi limevunjwa. Mbuzi aliyeliwa ameliwa. Hapa ndipo penye somo la mtunzi: kujua sababu ya mwovu si kumhesabia haki. Msikilizaji akimwelewa mwovu, hofu yake haipungui. Huongezeka, kwa maana anajua kwamba atarudi kesho, na kwa nini atarudi.

Tuchukue mfano wa igizo. Kikundi kinataka kuonyesha mjane anayenyang'anywa shamba na shemeji yake. Mara nyingi shemeji huingia jukwaani akiwa mlevi, anafoka, ana fimbo mkononi. Watu wanacheka, na wakirudi nyumbani hakuna aliyejiona wala aliyemwona jirani yake.

Sasa tumtunge upya. Shemeji huyu ndiye aliyenunua jeneza. Alilia msibani, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Zamani alikatisha shule ili marehemu kaka yake asome, na leo ana watoto sita na nusu eka. Mwezi wa tatu anakuja jioni, ameleta sukari, anavua kofia na kuiweka gotini. Anasema kwa upole, "Shemeji, shamba hili ni la ukoo. Mimi nakutunzia tu." Hapo ukumbi utanyamaza, kwa kuwa wengi wanaijua sauti hiyo.

Katika mfano huo yako mambo matatu ya kushika. Kwanza, mwovu anataka kitu ambacho hata mtu mwema angekitaka: ardhi, heshima, chakula cha wanawe. Uovu umo katika njia anayoichagua, na tuonyeshe saa ambayo angeweza kuchagua nyingine. Pili, anatoka karibu. Ndugu ndio waliomtupa Yusufu shimoni, na wivu wao ulianzia nyumbani, kwa baba aliyempenda mmoja kuliko wengine. Shaaban Robert naye, katika Adili na Nduguze, wanaomtosa Adili baharini ni ndugu zake wa damu, aliowapokea na kuwasaidia walipofilisika. Tatu, awe na nguvu na akili. Shemeji asishindwe kwa kupigwa na radi. Ashindwe kwa kuwa mjane alikwenda mbele ya baraza la ardhi akijua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume juu ya ardhi.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya hadithi tu. Tumkumbushe yaliyotokea kwetu Tanzania. Watu husimulia kwamba mchawi hutembea usiku amepanda fisi, na kwamba hujulikana kwa macho mekundu. Katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, hasa miaka ya 1990 na 2000, wanawake wazee wengi waliuawa kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu yakahesabiwa kuwa ushahidi. Macho hayo yalitokana na moshi wa jikoni, wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe, ambao bibi alikuwa ameupuliza miaka hamsini akiwapikia wanawe na wajukuu. Mwovu aliyetungwa kwa sura alimwonyesha kijana mwenye panga mlango usio wake.

Na upande wa pili kuna hatari nyingine. Mtoto aliyefundishwa kwamba mwovu ana jicho moja na meno marefu hatamtambua mtu mzima anayemchekea, anayempa pipi na kumwambia, "Usimwambie mama." Hadithi ya jioni ndiyo shule ya kwanza ya kuwajua watu. Tuwafundishe watoto kutazama matendo: huyu anaomba siri ya nini? Anachukua kitu cha nani?

Kwa hiyo, mama, kabla ya kusimulia au kuandika, jaribu kumsemea mwovu wako maneno machache kwa kinywa chake mwenyewe: nilitaka hiki, nikaogopa kile, nikachukua cha mwenzangu. Yakikuingia moyoni hata ukashtuka, basi umempata. Kisha geuka umsimamie aliyeonewa mpaka mwisho wa hadithi.