Mama, usinunue picha ya sanduku

1. Mama zangu, nimetoka zamu ya usiku, miguu inawaka moto, lakini hili nisipoliandika sitalala. Ni uzi mrefu, vuteni viti. Nazungumzia ndege na meli za plastiki za kuunganisha, zile tunazowanunulia watoto siku zao za kuzaliwa. Wanaocheka "nesi na ndege wapi na wapi", wasubiri namba 3.

2. Walio nyumbani wajue: huku Uingereza ninakofanya kazi, shule nyingi za msingi hufundisha Vita vya Pili vya Dunia, na mtoto akitoka hapo anataka ndege ya vita ya kujenga mwenyewe. Kijana wangu wa miaka 9 alinisumbua mwezi mzima. Nikaingia dukani, nikakuta sanduku linang'aa, limeandikwa toleo jipya, ndege inakata mawingu. Pauni 22. Nililipa bila swali hata moja.

3. Jumamosi tukakaa mezani. Bawa halikai, kati yake na mwili wa ndege unapitisha sarafu. Kila kipande kina utando wa plastiki pembeni. Nilipoinuka kuangalia wali, mtoto akachukua kisu cha jikoni akwangue. Kidole cha shahada kikafunguka. Nikaosha, nikakandamiza, nikafunga, hiyo ndiyo kazi yangu. Kilichonishinda ni maneno yake: "Mama, mimi siwezi kitu. Wenzangu wanaweza." Jamani! Alifuata maelekezo yote, na bado akajiona yeye ndiye mbovu.

4. Jumatatu nikamwonyesha picha mzee mmoja anayesukuma machela hospitalini kwetu, yeye hujenga hivi vitu tangu zamani. Akacheka. "Hii niliijenga nikiwa na umri wa mwanao." Mzee anakaribia kustaafu! Sanduku lilikuwa la mwaka ule, ndege ni ya enzi za ujana wa mama yangu.

5. Iko hivi. Vipande hutoka kwenye kalibu ya chuma. Kalibu ni ghali kutengeneza lakini hudumu miaka mingi, kwa hiyo kampuni huitoa tena na tena, kila mara na sanduku jipya. Nyingine huuzwa kabisa. FROG ya Uingereza ilipofungwa miaka ya 1970, kalibu zake nyingi zilikwenda Umoja wa Kisovieti, ndege zilezile zikatoka kwa jina jingine. Kalibu ikichoka au isipobana vizuri, plastiki huvuja pembeni, ndiyo ule utando.

6. Sisemi cha zamani ni kibaya. Kuna kalibu za zamani vipande vyake vinakaa vizuri, na bei huwa nafuu. Airfix wana safu wanayoiita Vintage Classics, jina lenyewe linakwambia kilichomo ni cha kale. Huo ni uungwana. Ugomvi wangu ni na anayenyamaza, anayeandika "toleo jipya" wakati kipya ni karatasi tu.

7. Najua akina baba watakuja: "Sisi tulijenga hizohizo, tukajaza nafasi, tukapiga msasa, ndiyo raha yake." Sawa, kaka yangu, raha yako wewe mwenye miaka 45, unayejua unachonunua. Mtoto wa miaka 9 anaamini karatasi ya maelekezo kama sisi tunavyoamini cheti cha daktari. Vipande visipoingia, hasemi kalibu imechoka. Anasema mimi mjinga. Halafu anatafuta kisu.

8. Wodini, nesi anayesoma boksi la dawa akaacha kusoma kichupa anaitwa ofisini. Basi na dukani tusome kichupa:
– Muulize muuzaji, "Kalibu ni ya mwaka gani?" Usiulize sanduku ni la lini. Mwaka uliochapwa ubavuni mara nyingi ni wa sanduku.
– Andika jina na namba ya sanduku kwenye tovuti ya Scalemates. Kwa matoleo mengi utaona ukoo wake: kalibu ilianza lini, na mara ngapi imebadilishwa sanduku tu.
– Tafuta picha za vipande vikiwa bado kwenye fremu zake. Mchoro wa juu hausemi kitu, ni kazi ya mchoraji.
– Tazama mistari ya mwilini. Kalibu nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina mistari iliyoinuka na vichwa vya ribiti vilivyotuna. Nyingi za sasa zina mistari myembamba iliyochimbwa ndani.
– "Stika mpya" maana yake stika mpya. Plastiki haijaguswa.
– Tafuta aliyeijenga, usikie bawa lilikaaje.

9. Na kama una mdogo wa chini ya miaka mitatu, ile alama ya duara jekundu yenye 0-3 si pambo. Vipande vidogo vinaziba koo. Mkubwa ajengee mezani juu, dirisha wazi kwa ajili ya harufu ya gundi, na kisu kishikwe na mtu mzima.

10. Wauzaji, nanyi mnisikie. Mkate una tarehe. Panadol ina tarehe. Inawashinda nini kuandika mwaka wa kalibu ubavuni mwa sanduku? Mstari mmoja tu! Hamuandiki kwa sababu mnajua mama anayesukuma kigari cha mtoto atanunua picha. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

11. Ile ndege tumeiweka kabatini, bawa moja limening'inia. Tumenunua nyingine, ndogo, pauni 9, kalibu ya karibuni, safari hii niliuliza kwanza. Jana kijana alibandika mabawa mawili bila kuniita, kidole bado kina plasta.

Ukiwa dukani sasa hivi na sanduku mkononi, usilipe. Uliza mwaka wa kalibu kwanza. Akibabaika, rudisha rafuni.