Ulimi wa Mwanamke Hadithini

Waandishi wetu wa riwaya wana desturi moja inayofaa iachwe: mwanamke mwenye heshima zake hunyimwa kauli, na maneno makali akapewa yule ambaye jamii imekwisha kumtupa. Tazama Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 1980. Bi Tamima, mke wa ndani, hana lake mbele ya Bwana Maksuudi. Lakini Kazija, anayeuza mwili wake, humtegea bwana yule yule mtego wa kumwumbua. Mwandishi alikuwa na hoja, maana riwaya nzima inamshitaki Maksuudi. Wengi waliofuata wameuchukua mtindo, hoja wakaiacha. Ndipo tunasoma vitabu ambamo mke hulia kwa kwikwi na kuomba radhi, ilhali wa kujibu ni malaya, mchawi au bibi kizee.

Wapo watakaosema mwandishi ni shahidi tu, na kwamba wanawake wetu husema hivyo kwa kuwa ndivyo walivyolelewa. Malezi hayo yapo, sikatai. Lakini shahidi mkweli husema yote aliyoyasikia. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utenzi wake wa mwaka 1858, anamwusia bintiye kumtii mume. Hebu basi isikilizeni sauti yenyewe. Mama mgonjwa anamwamuru binti asogee, aketi na wino na karatasi. Utiifu unafundishwa kwa kauli ya amri! Kungwi naye humweleza mwari waziwazi mambo asiyothubutu kuyataja mbele ya wanaume, na mwenye ugomvi na jirani hujifunga kanga yenye jina la kumchoma, akapita mlangoni pake taratibu. Mwanamke mmoja ana kauli nyingi, kila moja na msikilizaji wake. Anayemwandika akiwa mbele ya mumewe tu ameandika robo ya mtu.

Wala dawa si kumpa maneno ya kiume, apige meza na kutukana ili aitwe jasiri. Penina Muhando, katika tamthilia ya Nguzo Mama (1982), aliwaacha wanawake wabishane wao kwa wao, kila mmoja na lake, hata nguzo waliyotaka kuisimamisha ikawashinda. Enyi waandishi, kabla ya kumliza mke, jiulizeni angemwambia nini shoga yake jioni ile ile. Nanyi walimu, msimpe alama mwanafunzi anayeandika kwamba Bi Fulani ni mvumilivu, pale ambapo mwandishi hakumpa la kusema.