Maji ya Kununua Yanayopotelea Chooni
Mji wa Machakos hutegemea sana Bwawa la Maruba, na mifereji ikikauka watu hununua maji kwa mitungi ya lita 20. Ajabu ni kwamba baadhi ya wanunuzi hao huyapoteza chooni bila habari. Mwizi huwa ni raba iliyo chini ndani ya tangi la choo: ikichakaa, maji hupenya kimyakimya, boya likashuka na kuruhusu mengine yaingie. Kumnasa si kazi ya fundi. Tia rangi ya chakula tangini, kisha choo kisitumike kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye bakuli, raba imekwisha. Wenye visima vya maji ya chumvi wana balaa lao: ukoko unaoganda kwenye valvu, ambao siki huulainisha. Na nyumba inayofungwa wiki kadhaa, wenyewe wakiwa Nairobi? Ikinuka, huenda maji yamekauka kwenye kona ya bomba la choo, ile aliyoisajili mvumbuzi Alexander Cumming jijini London mwaka 1775 ili kuzuia harufu. Ndoo moja ya maji humaliza shida. Hata choo kisichovuja hula maji: matangi mengi ya zamani humwaga lita 9 kwa mkupuo, na ya vitufe viwili lita 3 au 6. Kwa hiyo, kabla ya kumwita muuza maji tena, kagua ile raba.