Nesi Mnene wa Hadithi Zenu

Nimemchoka nesi wenu. Ndiyo, nawaambia nyinyi waandishi chipukizi wenzangu mnaojaza kurasa kama hizi. Hadithi ikifika hospitali tu, anatokea yule yule: mnene, kiti kinalia, anatafuna bigijii, kauli kama ya mpiga debe, anamfokea mama mjamzito. Msomaji anacheka, mwandishi anajiona kaikosoa jamii. Kidato cha tatu tulifundishwa kuwa huyo ni mhusika bapa. Bapa wenu ana kilo tisini.

Mimi ni nesi. Nilisoma diploma ya uuguzi na ukunga miaka mitatu, nikaajiriwa hospitali moja hapa Dar es Salaam ambayo siitaji kwa sababu bado nahitaji ugali. Naingia nilikuwa na kilo 54. Mwaka na nusu baadaye mizani ya wodini, ile ile tunayopimia wagonjwa, ilisoma 71. Mimba sikuwa nayo, wala bahati nasibu sijashinda.

Na mtaani, jamani, nikapongezwa! "Sista umenawiri! Kazi imekukubali!" Mangi wa dukani akaacha kunikatalia mkopo, mama mwenye nyumba akaanza kuzungumzia kupandisha kodi. Kwetu unene bado ni risiti ya maendeleo. Hakuna aliyejua kwamba miezi minne ya mwanzo nilifanya kazi bila mshahara, nasubiri cheki namba, na hizo kilo zilikuwa za deni. Chakula cha mkopo hakichagui: chapati mbili asubuhi, mlima wa wali kwa mama ntilie mchana, zege usiku. Samaki na matunda yanataka fedha taslimu.

Sasa sikilizeni naiti ilivyo, maana naona hamjui. Inaanza saa moja na nusu jioni, inaisha saa moja na nusu asubuhi, kwenye karatasi. Wodi yangu ina vitanda 30 na wagonjwa wanaozidi vitanda. Manesi wawili. Mmoja akiitwa kusaidia leba, anabaki mmoja. Na anayebaki ni nani? Mpya. Mwenye familia ana udhuru, mkubwa ana cheo, mpya ana miguu. Saa nane usiku mwili unadai kitu chenye sukari na mafuta, unadai kama mtoto anayelia. Nje ya geti jiko linalowaka ni moja tu, la chipsi. Muuza matunda kalala zamani. Unamtuma mlinzi, unakula umesimama, dakika nne, jicho kwenye dripu ya kitanda cha tisa. Hujui umeshiba au hujashiba. Soda unakunywa ili usisinzie ukachanganya dozi.

Asubuhi unarudi nyumbani kulala. Kulala wapi? Chumba cha kupanga, bati limechemka, jirani anajaribu spika mpya, na mlango unagongwa: "Sista, mtoto anaharisha." Huwezi kusema umelala. Ukisema, kesho mtaa mzima unajua wewe ni nesi mwenye roho mbaya, na kesho kutwa mmoja wenu anakuandikia hadithi.

Haya si malalamiko ya mtu mmoja mvivu. Mwaka 2017 Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi saa ya ndani ya mwili inavyofanya kazi. Saa hiyo inajua usiku ni wa kulala, haijali ratiba ya wodi. Ukila saa nane usiku, mwili unaishughulikia sukari vibaya kuliko ungekula chakula kile kile mchana. Ukikosa usingizi, homoni ya njaa inapanda, ile ya kushiba inashuka. Marekani walianza kuwafuatilia manesi mwaka 1976, zaidi ya laki moja. Mwaka 2011 takwimu zao zikaonyesha kuwa kadiri nesi alivyofanya miaka mingi ya naiti za kupokezana, ndivyo hatari yake ya kisukari ilivyozidi, na sehemu ya hatari hiyo ilipitia kwenye uzito. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya usiku kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani mwaka 2007, likarudia msimamo huo mwaka 2019. Kwa hiyo tunaposema naiti inatumaliza hatutungi shairi.

Wakubwa wetu wametusaidiaje? Wametuletea semina. Akaja mtaalamu na kompyuta yake, akatuambia tutembee dakika thelathini kila siku na tule mboga za majani. Kutembea! Miguu yangu asubuhi haiingii kwenye viatu nilivyokuja navyo, halafu nafundishwa kutembea. Baada ya semina tulipewa soda na sambusa.

Mimi ningependa semina nyingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya saa nzima. Saa nzima! Ndani ya hiyo saa mtu anakula ameketi, anatafuna, anaweza hata kufungua hotipoti aliyotoka nayo nyumbani. Lakini sheria hiyo hiyo imeacha mwanya: unaweza kutakiwa ufanye kazi wakati wa mapumziko kama kazi haiwezi kuachwa bila mtu wala kufanywa na mwingine. Mgonjwa haachiki, na huyo mwingine hajaajiriwa. Mwanya umekuwa ndio mlango. Nyongeza ya usiku nayo ni angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Pigeni hesabu wenyewe: asilimia 5 ya ujira wa saa moja wa nesi mpya hainunui soda.

Msinielewe vibaya. Nesi anayemtukana mzazi leba hana wakili kwangu, awe mnene au mwembamba. (Na wembamba wenye midomo michafu ninao wawili wodini, hadithi zenu haziwaoni.) Ninachokataa ni huu mchezo wa kuufanya mwili wa mtu kuwa ushahidi wa tabia yake: mnene, basi anakula rushwa; mnene, basi mvivu. Wenzetu wa Kenya waligoma miezi mitano mwaka 2017, Juni mpaka Novemba. Hadithi fupi nilizosoma tangu wakati huo zinazomfuata nesi mpaka chumbani kwake wakati wa mgomo ule, sina hata moja ya kuwatajia. Za nesi na bigijii ninazo kabati zima.

Marlene Kramer, nesi wa Marekani, aliandika kitabu kizima mwaka 1974 juu ya mshtuko wa nesi anayetoka chuoni na kukuta kazi si ile aliyofundishwa. Huo ni mgogoro, tena wa ndani na wa nje, kama mnavyopenda kusema kwenye uhakiki. Uko bure, unapanda daladala na nyinyi kila alfajiri. Mnautaka, au mnataka kuchekesha tu?

Mkimwandika tena, mwandikeni saa kumi usiku, anahesabu matone ya dripu kwa saa ya mkononi, chipsi zimepoa kwenye foili. Akifoka, andikeni kafoka. Kisha tuonyesheni aliyepanga ratiba. Imebandikwa nyuma ya mlango wa ofisi ya inchaji, majina na siku, na haijafichwa.