Programu Ikikataa Shamba Lako, Kosa Si la Shamba

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara wa mazao, leo siongelei viwavijeshi wala mbolea. Naongelea programu za simu tunazoletewa vijijini. Nimechoka kusikia kwamba zikishindwa, eti ni kwa sababu mkulima hajasoma.

Msimu uliopita nilipewa programu ya mradi mmoja nisajili wakulima. Ilikubali zao moja tu kwa kila shamba, wakati hapa kwetu tunachanganya mahindi na maharage. Ilijua msimu mmoja wa mvua, nasi tuna vuli na masika. Nyanya ilizitaka kwa kilo, sokoni zinauzwa kwa tenga. Baya zaidi: namba moja ya simu, mkulima mmoja. Kina mama wanaotumia simu ya mume au ya mtoto wakakataliwa. Mama mmoja anayelima ekari mbili peke yake aliondoka hivyo hivyo. Mgao wa mbegu ulipokuja, jina lake halikuwepo.

Nami nina kosa langu. Ili fomu ipite, niliandika "mahindi" tu. Ripoti ikasoma kwamba kata yetu hatulimi maharage.

Niliwapigia watengenezaji. Wakajibu kuwa mabadiliko yatasubiri awamu ya pili. Je, viwavi vikiingia shambani kwako leo, nikuambie nitakuja mwakani?

Vijana wale wanajua kazi. Kibovu ni utaratibu wao: kila kitu kiliandikwa kwenye mkataba mapema, wakajifungia mjini, kisha wakatuletea kitu kizima. Ni sawa na kupanda mbegu ngeni ekari kumi bila shamba la majaribio.

Na wenye fani hiyo walishalisema hili. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Utah, Marekani, wakatoa tamko: toa kazi kidogo kidogo, kaa karibu na mtumiaji, ukubali kubadilika kuliko kung'ang'ania mpango.

Mfano tunao jirani. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005, lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo. Watumiaji wakaanza kutumiana fedha wenyewe kwa wenyewe. Wahusika hawakusema wananchi wamekosea. Waliibadilisha huduma, na mwaka 2007 ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa.

Kwa hiyo, kabla hujatoa namba ya kitambulisho chako, uliza haya:

1. Kati ya watengenezaji wenyewe, nani ameshinda siku nzima gulioni au shambani kwetu? Afisa mradi hahesabiwi.

2. Zao, kipimo na msimu vinaweza kuongezwa bila kuijenga programu upya? Vitu hivi vikae kwenye orodha inayorekebishika. Kama kuongeza neno "tenga" kunahitaji miezi, imejengwa vibaya.

3. Tukikuta kosa tunamwambia nani, na litarekebishwa baada ya siku ngapi?

4. Programu ikimkataa mtu, kuna daftari? Na jina la kwenye daftari litapata haki sawa na la kwenye simu?

Watasema kubadilisha ni gharama. Kweli, ndiyo maana waanze na wakulima 20 wa kijiji kimoja, warekebishe, ndipo waende kata nzima. Kosa la watu 20 ni rahisi kulirekebisha kuliko la watu 20,000.

Wengine wataniambia maswali haya yatafukuza miradi. Mradi unaokimbia maswali manne ya mkulima ungemkimbia hata baadaye, mbegu zikiwa zimeshagawiwa kwa wengine.

Wakija msimu ujao, tuwapeleke shambani kwanza, ofisini baadaye. Mimi sitaandika tena "mahindi" penye maharage.

Kazi njema.