Tusichanganye Dawa kwa Siri



Siku ya mshahara tulipita katika kambi moja ya wachuma chai upande wa Fort Portal, nchini Uganda, kukusanya ada ya chama. Karibu na duka tulikuta watu wamejaa kuliko waliokuja kwetu. Alikuwapo mtu mwenye chupa ndogo za mafuta ya kudondosha chini ya ulimi. Alisema yanaitwa CBD, na kwamba yanaondoa maumivu ya mgongo, yanaleta usingizi, yanashusha presha na kumaliza kifafa. Bei ya chupa moja ilikuwa mshahara wa siku nyingi, na watu walikuwa wanachangishana ili wanunue. Tulipomsogelea tukamtambua: alikuwa mwakilishi wa tawi, wa chama chetu wenyewe.

Hilo tunalisema mwanzoni, maana tukianza kwa kuwalaumu waajiri peke yao hamtatuamini.

CBD hutolewa katika mmea wa jamii ya bangi. Hailevyi kama bangi ya kuvuta, na hapo muuzaji hakusema uongo. Wala si kitu cha bure kabisa. Mwaka 2018 Marekani ilikubali dawa moja ya hospitali iliyotengenezwa kwa CBD, kwa aina chache za kifafa kikali kinachoanza utotoni. Lakini dawa hiyo huandikwa na daktari, naye hupima damu ya mgonjwa kwanza ili aone hali ya ini, kisha hupima tena baada ya muda. Pale dukani ni nani aliyepimwa ini?

Tuwaeleze jambo hili kwa mfano wa kazi yetu. Fikirini banda la kupimia majani jioni, karani wa mizani ni mmoja na foleni ni ndefu. Ini ndilo karani huyo. Dawa nyingi tunazomeza hupita kwake, naye huzivunja na kuzitoa mwilini kidogo kidogo. CBD ikifika inamshika karani mkono. Dawa nyingine zinabaki foleni, yaani ndani ya damu, na kesho unameza tena juu ya zile za jana. Umemeza kidonge kimoja kama ulivyoandikiwa, lakini mwili unakuwa kama umemeza viwili. Kuna dawa nyingine zinazofanya kinyume, zinamharakisha karani. Rifampisini, ile ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, ni mojawapo: dawa nyingine zinatolewa nje kabla hazijamaliza kazi yake.

Mgonjwa wa kifafa anayetumia valproeti akiongeza CBD, hatari ya ini kuumia inakuwa kubwa zaidi. Akiwa anatumia klobazamu, usingizi unaweza kumwangusha mchana. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda anaweza kutokwa damu isiyokoma kwa jeraha dogo la panga. Na ukitia waragi juu ya mafuta hayo, usingizi unaongezeka tena. Sisi tunaosimama mbele ya mashine ya kukata majani tunajua usingizi wa dakika moja unagharimu vidole vingapi.

Muuzaji atajibu kwamba chupa yake ina kiasi kidogo kuliko dawa ya hospitali. Huenda ni kweli, ila yeye mwenyewe hajui. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba walinunua bidhaa 84 za CBD na kuzipima. Ni 26 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa juu ya chupa. Nyingine zilikuwa na zaidi, nyingine pungufu, na katika 18 walikuta THC, ile sehemu ya bangi inayolevya. Afrika Kusini, ambako mwenzetu alisema chupa zake zimetoka, iliruhusu mwaka 2019 CBD iuzwe bila cheti cha daktari, lakini isizidi miligramu 20 kwa siku, na bila kudai kwamba inatibu ugonjwa fulani. Mwenzetu alitaja magonjwa manne kwa pumzi moja.

Na si CBD peke yake. Akina mama wajawazito wanaotumia dolutegraviri, wakimeza pamoja na vidonge vya kuongeza damu tumbo likiwa tupu, au na dawa ya kiungulia, basi dawa ya virusi haiingii yote mwilini. Saa za kumeza hupangwa na muuguzi, lakini lazima ajue kwanza. Panadol nayo, ambayo tunaitafuna kama njugu: mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku, na dawa nyingi za mafua zina panadol hiyo hiyo ndani yake kwa jina jingine.

Mwaka jana tulimtetea ndugu mmoja wa kiwandani aliyepewa barua ya onyo kwa kulala zamu ya usiku. Alituambia ni uchovu tu, nasi tukaenda mbele ya meneja na neno hilo moja. Tukashindwa. Baadaye alipougua, ndipo mkewe alipotoa mfuko: valproeti ya miaka sita, chupa ya mafuta, na pakiti za panadol za mgongo. Hospitalini wakakuta ini limeanza kuumia. Daktari hakusema kwa hakika ni kipi kilichomwumiza. Alisema tu kwamba angeuona mfuko ule mapema, mafuta yangekuwa ya kwanza kuondolewa.

Kwa nini alificha? Kwa sababu katika shamba lile neno unalomwambia dresa asubuhi, jioni nyapara analo. Na kibarua anayejulikana ana kifafa haitwi tena getini. Basi tusimcheke aliyeficha. Katika mkataba mpya tunadai mambo mawili: daftari la zahanati lisisomwe na mtu wa ofisini, na mfanyakazi mwenye dawa za kuleta usingizi ahamishiwe kazi isiyo ya mashine bila kukatwa mshahara. Wapo wanachama wanaosema haya ni madogo, tudai shilingi kwanza. Hatukubaliani nao.

Yule mwakilishi tulimwambia achague, mafuta au uwakilishi. Akatujibu, "Wazee wangu, basi nileteeni nyinyi dawa ya mgongo." Hatukuwa na jibu zuri siku ile. Mgongo unaumizwa na kikapu na kilo tunazopangiwa kwa siku, na kilo hizo chama kilizikubali kwa sahihi yake. Hilo nalo tutalirudisha mezani, ingawa tunajua litakuwa gumu kuliko yale mawili.

Mwenzetu ameacha kuuza. Ninyi mlionunua, msiache vidonge vya kifafa, vya kifua kikuu wala vya presha ili mtumie mafuta, maana kifafa kikiachwa ghafla kinarudi kwa nguvu. Wekeni kila mnachomeza katika mfuko mmoja, pamoja na miti shamba ya nyumbani, mkamwonyeshe daktari. Anayeogopa kwenda peke yake aje ofisi ya tawi Jumamosi saa mbili asubuhi, tutamsindikiza hadi hospitali ya wilaya. Hatutamwuliza alinunua kwa nani.